Mzaliwa wa Muungano

Nianze na kosa langu, maana nikilichelewesha nitaanza kujitetea, na kujitetea nimeshajitetea vya kutosha mbele ya kioo. Mimi ndiye niliyeifuta nchi yetu. Sikuiuza, sikuisaliti kwenye mkutano wala sikupokea bahasha chini ya meza. Niliifuta Ijumaa moja saa tano asubuhi, kikombe cha chai mkono wa kushoto, kwa kuandika tarehe isiyo yake.

Mimi ni karani wa orodha. Nafanya kazi ghorofa ya tatu ya jengo la serikali ya Muungano, chumba chenye meza nne na feni moja inayompepea mkuu wa kitengo peke yake. Kila fomu unayojaza, ya hospitali, ya benki, ya mpakani, ina kisanduku kilichoandikwa "Nchi", na ukikibonyeza inashuka orodha. Watu wanadhani ile orodha ipo tu, kama mvua. Haipo tu. Tunaitunza sisi. Kila nchi ina namba yake, tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kufungwa, na kama haijafungwa nafasi ya pili inaachwa tupu.

Muungano wetu ni wa nchi tano, au ni nchi moja yenye pande tano, inategemea unamuuliza nani na kama ameshakula. Kwenye hotuba tunaitwa washirika. Kwenye mpira kila upande una timu yake na bendera yake. Kwenye mikutano ya nje tuna kiti kimoja, na tunagombana nani akikalie. Kwetu ni upande mdogo kuliko yote, ng'ambo ya daraja, na kwa miaka hamsini na kitu watu wa kwetu wanaulizana swali lilelile bila kulimaliza: sisi ni nchi, au ni mkoa wenye wimbo wake?

Mama hakuwa na swali hilo. Alikuwa karani wa posta, dirisha la pili, kwa miaka ishirini na nne, na kazi yake kubwa ilikuwa kugonga muhuri barua zinazotoka. Muhuri wenyewe ulikuwa wa chuma, mpini wa mbao, katikati tarehe na ukingoni jina la nchi yetu kwa herufi kubwa. Muungano ulipokuja ulimkuta na miaka kumi na tisa, mwaka mmoja tayari kazini, na muhuri haukubadilishwa mpaka posta zote zilipounganishwa, sisi watoto tukiwa tumeshakua. Vijana walioajiriwa baada yake aliwafundisha yeye. Aliwaambia wasigonge kama wanaoua mende, watachafua tarehe. Mtaa mzima ulimwita Mama Posta. Mtu akimwambia kwetu si nchi, alimtazama kwanza juu ya miwani, kisha akamuuliza, "Barua yako ilifika au haikufika?" Kama ilifika, mjadala umekwisha.

Basi ikashuka amri kutoka ghorofa ya sita, kwamba orodha ya nchi ibaki na nchi tu. Washirika wote watano wafungwe, na waliozaliwa huko kuanzia sasa waandikwe Muungano. Kazi ya kufunga alipewa Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ni mwenzetu wa meza ya pili aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ila ofisi nzima inamwita hivyo. Alifunga wanne, wa tano akaniachia.

"Wewe ni wa huko, funga mwenyewe," akasema. "Mimi sitaki kulaaniwa na mama yako."

Tukacheka, tena sana.

Sasa, kufunga kuna namna mbili. Kitu kilichokuwepo kikaisha, unaandika tarehe ya leo; historia yake inabaki, na aliyezaliwa huko bado ana mahali alipozaliwa. Kitu kilichoingizwa kwa makosa, tuseme jina limeandikwa mara mbili, unakipa tarehe ya kufungwa ileile ya kufunguliwa. Kimefunguliwa na kufungwa siku moja, maana yake hakikuwahi kuwepo, na mfumo unakitupa nje kabisa, hata kwenye kumbukumbu za zamani. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kusafisha majina mia mbili na kumi na mawili ya mitaa yaliyoandikwa mara mbili. Mkono ulishazoea. Nikafungua mstari wa kwetu, nikanakili tarehe ya kufunguliwa, nikaibandika kwenye kufungwa. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika, kama unavyouliza siku zote. Nikabonyeza ndiyo, nikanywa chai yangu.

Hakuna aliyegundua. Watu wa kwetu waliokuwa ndani ya Muungano walishapewa vitambulisho vipya, wakalalamika wiki mbili, wakaendelea na maisha. Mstari ule ulikuwa na maana kwa watu wachache tu, wazee waliokuwa nje wakati wa mabadiliko, wenye hati za zamani. Mama alikuwa mmoja wao.

Alikwenda kwa dada yangu, ambaye ni muuguzi katika nchi ya mbali, kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Nyonga ikapona, moyo ukaanza. Ulipofika mwaka na nusu daktari akamwita dada pembeni, akamwambia ni suala la miezi. Mama hakuhitaji kuitwa pembeni, alijua. Akasema anarudi nyumbani. Baba alikuwa amezikwa kwetu, makaburi ya baraza, safu ya mwisho ukutani, na kando yake Mama alikuwa ameacha nafasi na kuizungushia matofali kwa mikono yake mwenyewe. Alitaka kulala hapo. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Dada alinipigia siku waliyotoka ubalozini kumwombea Mama kibali cha kurudi.

"Wanasema Mama alizaliwa mahali ambapo hapajawahi kuwepo," akaniambia. "Binti wa dirishani kaingiza ile namba ya nchi iliyo kwenye hati yake mara tatu, mashine inakataa. Wewe si ndiyo kazi zako hizo? Hebu waulize wenzako, ni punguani gani kafanya hivi?"

"Nitawauliza," nikasema.

Nilifungua mfumo nikautafuta mstari. Haukuwepo. Nikatafuta kwenye vilivyofungwa, haukuwepo. Ndipo nikaikumbuka ile asubuhi, kikombe na kila kitu, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka Shangazi akaja kubisha hodi.

Mkuu wa kitengo tulimwita Nukta, kwa sababu kila mazungumzo aliyoingia yaliishia hapo. Nilimwambia mstari umepotea. Sikumwambia nani kaupoteza.

"Urudishe," akasema.

Nilijaribu. Mfumo ukataka tarehe ya kufunguliwa upya, na chini yake sahihi ya mwanasheria wa serikali. Nikapanda ghorofa ya sita na bahasha mkononi. Mwanasheria alikuwa mwanamke mdogo kwangu, mpole, meza yake imepangwa kuliko nyumba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu, jambo ambalo halitokei katika jengo lile.

"Nikiandika tarehe hapa," akasema, "nimekubali kwamba siku hiyo ilikuwa nchi."

"Lakini ilikuwa nchi, dada yangu."

"Nani kasema?"

"Orodha yenyewe. Tarehe ilikuwepo miaka yote."

"Aliiweka nani?"

Sikujua. Hakuna ajuaye. Aliyeiweka labda ameshakufa.

"Hao wanne wengine tarehe zao nimezikuta, siwezi kuulizwa," akasema. "Hii ya kwenu nitaiandika mimi, leo, kwa kalamu yangu. Na watu wa kwenu wametushtaki, kesi ina mwaka wa saba mahakamani, wanatafuta karatasi moja tu ya serikali inayosema walikuwa nchi. Unataka niwaandikie hiyo karatasi?"

Nikamtolea bahasha. Ndani hamkuwa na kitu, barua yenyewe Mama hakuwahi kutuonyesha. Baba, wakati anamtongoza, alimwandikia barua Mama, akaipeleka posta mwenyewe, akaipenyeza dirisha la pili. Mama akaipokea, akasoma jina lake juu yake, akaigonga muhuri, akaiweka kwenye gunia, akasubiri siku mbili iletwe nyumbani kama barua ya mtu mwingine. Tarehe ya muhuri ni mwaka mmoja kabla ya Muungano. Jina la nchi linasomeka lote.

Mwanasheria aliitazama kwa muda. Nadhani ilimgusa.

"Huu ni ushahidi kwamba kulikuwa na posta," akasema. "Hata shule ina muhuri." Akanirudishia kwa mikono miwili. "Pole sana. Ila ipo njia. Mama yako ajaze Tamko la Mzaliwa, ndani ya wiki atapata kibali."

Tamko la Mzaliwa ni ukurasa mmoja. Jioni ile nilimsomea Mama kwa simu, yeye kitandani kwa dada, mito mitatu nyuma ya mgongo.

"Soma tena hapo katikati," akasema.

"Natamka kwa hiari yangu kwamba nilizaliwa ndani ya Muungano."

"Ulizaliwa lini huo Muungano?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Nimefanya kazi na karatasi maisha yangu yote, usinieleze habari ya karatasi tu. Nimekuuliza, ulizaliwa lini?"

"Una miaka hamsini na nne."

"Na mimi?"

"Sabini na tatu."

"Basi mimi ni mkubwa wake. Nitazaliwaje ndani ya mdogo wangu?"

Nilimsikia dada akicheka nyuma yake. Mama naye akacheka, akacheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi hakikuisha upesi. Tulingoja. Alipopata pumzi sauti ilikuwa ndogo.

"Nisikilize, baba. Nataka kulala pale kwa baba yenu. Lakini nikisema sikuzaliwa kule, nitakuwa narudi wapi? Waambie warekebishe mashine yao. Wewe si uko humohumo?"

"Niko humohumo, Mama."

"Basi rekebisheni."

Hapo ndipo ningemwambia. Ningesema Mama, ni mimi, mkono uliteleza, nisamehe. Angenisamehe, nina hakika hiyo, na ndiyo iliyonitisha. Niliogopa kile kimya chake kabla ya kusamehe. Nikamwambia apumzike.

Wiki tatu baadaye dada alipiga asubuhi, akilia. Mama alikuwa ameanguka bafuni, wamemrudisha hospitali, midomo imebadilika rangi. "Fanya kitu," akaniambia. "Sijali ni kitu gani. Asije akafia huku, hatanisamehe."

Nilifanya saa nne, wenzangu walipokwenda kunywa chai. Nilichapa lile tamko, nikajaza, nikatia sahihi ya Mama. Sahihi ile nilijifunza kuighushi darasa la sita, kwenye ripoti ya hesabu, na mkono haukuwa umesahau: herufi ya kwanza kubwa, halafu mstari ulionyooka kama kipande cha uzi, na nukta mbili chini. Nikaliambatanisha na bahasha tupu ya ofisini ili lionekane limekuja kwa barua. Nukta hakuinua hata kichwa. Alichukua muhuri wa kitengo akaugonga kama anaua mende, tarehe ikachafuka.

Kibali kilitoka siku ya nne. Nikampigia Mama nikamwambia mashine imerekebishwa.

 Nikamsikia akijivuta kukaa kitandani.

"Wamekubali?" akauliza. "Bila ile karatasi?"

"Bila karatasi, Mama."

"Nilikwambia!" akasema, na sauti ikarudi kama ya dirishani. "Nilikwambia mimi. Watu wanakata tamaa mapema mno. Unakaa palepale, unakataa, mwishowe wanakuandika."

Akamwita dada, akamwambia. Akamwambia na muuguzi wa zamu, kwa lugha ambayo muuguzi hakuijua. Mimi nilikaa kwenye ngazi za ofisi simu sikioni, nikimsikiliza mama yangu akifurahi.

Alirudi kwa kiti cha magurudumu. Kwenye daraja alimwomba dereva apunguze mwendo, na yule dereva, ambaye tangu uwanja wa ndege alikuwa akiendesha kama ameibiwa, akapunguza.  Mama alishika mkono wangu mpaka tulipotokea ng'ambo.

Aliishi nyumbani siku kumi na tisa. Wageni walikuja wengi, na kila mgeni alisimuliwa jinsi Mama Posta alivyoishinda serikali ya Muungano akiwa kitandani. Kila alipoisimulia mashine ilikuwa kubwa zaidi, na mimi, mwanawe aliye humohumo, nilikuwa shujaa zaidi. "Huyu hapa," alisema akininyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyewabana mpaka wakairudisha." Wazee walinipa mkono. Nilikuwa napita na sinia la chai, naomba ardhi ipasuke, haipasuki.

Alikufa Jumanne mchana, redio ikisoma matokeo ya mpira. Timu yetu ilikuwa imefungwa na upande mwingine wa Muungano. Nilizima redio, nikamfumba macho, nikakaa naye mpaka jua likahama dirishani. Nililia, lakini moyoni kulikuwa na nafuu pia, siwezi kuficha: amerudi, yuko kwetu, hatajua tena.

Kesho yake nikaenda baraza kuomba kaburi.

Muungano ulipogawa madaraka, kwetu tulibakiziwa mambo matatu: takataka, sare za shule na makaburi. Takataka zimetushinda. Sare zinabadilishwa rangi kila uchaguzi. Lakini makaburi baraza limeyashikilia kwelikweli. Wanazikwa wazaliwa tu, wenye majina katika Daftari la Wazaliwa. Mume wa mzaliwa hapana, mke wa mzaliwa hapana. Ndivyo walivyozuia watu wa pande nyingine kujinunulia ardhi kupitia ndoa na misiba.

Karani wa dirishani alikuwa mzee wa sweta la kijani, na nilipotaja jina la marehemu akasimama.

"Mama Posta?" akasema. "Jamani. Mimi ndiye niliyekuwa dirisha la tatu. Kanifundisha kazi yule mama. Usigonge kama unaua mende, alikuwa ananiambia." Akacheka huku machozi yanamtoka. "Pole sana, mwanangu. Ngoja nimtafute, nafasi yake iko pale kwa mumewe, matofali nayaona kila siku."

Akafungua daftari. Ni kitabu kikubwa cha kweli, cha karatasi, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Akashusha kidole. Kidole kikasimama. Aliinama karibu, akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akavaa tena. Mimi nilikuwa nimeshaona kutoka upande wa pili wa dirisha. Jina la Mama lilikuwa limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Ametia sahihi lile tamko," akasema.

"Mzee wangu, hebu..."

"Mama Posta katia sahihi kwamba hakuzaliwa hapa."

Kila Jumatatu ofisi yetu hutuma majina ya waliojaza tamko kwa mabaraza yote. Anayebonyeza kutuma ni mimi. Sikuwahi kujiuliza wanaopokea wanayafanyia nini. Kumbe kwetu wanachukua rula na kalamu nyekundu.

"Hakutia yeye," nikasema. "Nilitia mimi."

Mzee alinitazama kwa huruma fulani iliyochoka.

"Wewe ni wa tatu mwezi huu," akasema. "Watoto wote mnasema hivyo."

"Mimi nasema kweli."

"Na wao walisema kweli."

"Nipe karatasi basi, nikuonyeshe."

Akanipa risiti ya zamani. Nyuma yake nikaandika sahihi ya Mama, nikaiandika na mara ya pili. Alizisogeza karibu na macho. Sahihi ile aliijua, ameiona kwenye madaftari ya posta miaka na miaka. 

"Nakuamini," akasema.

"Basi mrudishe."

"Tamko linafutwa na aliyelitoa. Aje mwenyewe, asimame hapa, aseme si lake."

"Amekufa, mzee."

"Nimekuelewa, mwanangu. Kanuni ndiyo hiyo, sikuitunga mimi."

"Nafasi ipo pale! Baba yuko pale! Matofali kayapanga mwenyewe!" Nilikuwa napiga kelele, na watu wa foleni ya ada ya takataka wakanigeukia. "Huyu mama kakataa! Kaniambia hapana kwa kinywa chake, yuko kitandani anakufa, kakataa, kwa ajili yenu ninyi!"

Mzee aliacha nimalize. Kisha akafunga daftari taratibu na kuweka mkono juu yake.

"Nikimwingiza yeye, kesho watakuja kumi, na wewe unajua nusu yao watakuwa waongo," akasema. "Tukianza kuingiza kwa huruma, hili halitakuwa daftari tena. Na tukilikosa hili, sisi ni nani? Niambie wewe unayekaa huko juu."

 Miaka yote nimesikia watu wakibishana kama kwetu ni nchi, na mchana ule, pale kwenye foleni ya takataka, niliona kwamba ndiyo, ni nchi kamili, ina mlango na inaweza kukufungia nje. Nilitamani kulivunja lile dirisha. Niliondoka.

"Mwanangu," akaniita. Nikageuka. "Mtaa mzima unasimulia ule mstari wa kwetu uliofutwa kule kwenu ofisini. Aliyeufuta mlimjua?"

"Bado," nikasema.

Tulimzika Ijumaa, upande wa pili wa daraja, makaburi ya Muungano. Huko hawamkatai mtu. Ni uwanja mpana, safu zimenyooka, kila kaburi lina namba na kibao cha saizi moja, na maandishi ya kibao yanatolewa kwenye cheti: jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa. Nilimwomba fundi wa vibao aache mahali pa kuzaliwa wazi. Akasema mfumo hauchapi kibao chenye nafasi tupu, na hilo nililijua kuliko yeye.

Dada alifika asubuhi ileile, na begi lake tukaliacha kwenye gari. Kwa simu nilikuwa nimemwambia makaburi ya kwetu yamejaa. Alisimama kwenye kaburi mpaka watu walipopungua, akalia kilio chake, kisha akakisoma kile kibao. Dada anapima dawa kwa kichwa kila siku, hesabu hazimpiti.

"Hapa wamekosea," akasema. "Mwaka huo aliozaliwa Muungano haukuwepo. Bado miaka kumi na tisa."

"Ndivyo cheti kinavyosema."

"Cheti kimetoa wapi?" Akageuka kunitazama. "Si ulisema mashine imerekebishwa? Hii inatoka kwenye lile tamko. Nani alitia sahihi?"

Wachimbaji wawili walikuwa wamesimama kando na majembe, wanasubiri tuondoke wakamalizie. Ng'ambo ya mto paa la posta ya zamani lilionekana, sasa ni duka la magodoro. Nilikuwa nimepewa tena nafasi ya kusema kweli, na nilijua sitapewa nyingine.

"Mama alitia," nikasema. "Aliniomba nisikwambie."

 Nikaona uso wa dada ukibadilika, kitu alichokuwa amekibeba kumhusu Mama, akajivunia, kikishuka kidogo kidogo.

"Basi alikuwa amechoka," akasema. "Alikuwa amechoka kuliko nilivyojua."

Kisha akatoa kitambaa kwenye mkoba, akachuchumaa, akakifuta kile kibao vumbi ili maandishi yasomeke vizuri.